Kalamu ya Plazma Niliyoipitisha

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nina karakana ya chumba kimoja hapa Bariadi mjini, nyuma ya maduka ya pembejeo, na wateja wangu wakubwa ni zahanati za vijijini. Naletewa mashine za presha zinazovuja upepo, hadubini zilizoingia ukungu kwenye lenzi, mizani ya kupimia watoto, na mashine za kuchemshia vyombo ambazo hazishiki moto. Nikishakagua kifaa nikaridhika, nakibandika kibandiko cha kijani nilichokichapisha mwenyewe, chenye jina langu, namba ya simu na maneno matatu: Kimekaguliwa. Kinafanya kazi. Wahudumu wa Nkoma na Lamadi wakikiona kibandiko hicho hawaulizi tena, na kwa miaka mingi nilijivunia jambo hilo.

Asubuhi moja ya msimu wa pamba, wifi yangu, yaani mdogo wa mume wangu, aliingia karakana akiwa amekumbatia boksi dogo jeupe. Ana saluni karibu na stendi. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kwenye kozi fupi ya urembo, na huko alinunua kifaa ambacho walimu wake walikiita kalamu ya plazma. Kilikuwa kinene kidogo kuliko kalamu ya kawaida, kina vitufe viwili, kioo kidogo cha kuonyesha namba moja hadi tisa, na ncha nyembamba kama sindano.

"Wifi, naomba unipimie hii kabla sijamgusa mtu," aliniambia.

Nayaandika maneno hayo jinsi alivyoyasema, kwa sababu waliosikia habari hizi baadaye walimwita mzembe. Mzembe hapeleki kifaa chake kwa fundi.

Alinieleza kazi yake. Wanawake wengi wa rika letu, na waliotuzidi, wanaota vinyama vidogo vyeusi mashavuni na shingoni. Haviumi wala si ugonjwa, ila wengi hawavipendi. Kalamu ile inavichoma. Ncha yake haigusi ngozi kabisa. Unaisogeza karibu, na hewa iliyo katikati inapigwa na umeme mkali hadi inawaka cheche ndogo ya buluu. Cheche hiyo ndiyo plazma. Kinyama kinakauka, kinakuwa kigaga, na baada ya siku kadhaa kinadondoka.

Nilimwambia aniachie siku mbili.

Nilifanya kazi nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikwenda bucha nikaomba kipande cha ngozi ya mbuzi, nikakinyoa kwa wembe hadi kikawa laini, nikakikaza kwenye ubao kwa misumari. Nilichoma nukta kumi kwa kila namba, kuanzia moja hadi tisa, nikiandika kila kitu kwenye daftari. Kisha niliikata ngozi ile vipande vyembamba, nikaviangalia kwa hadubini iliyokuwa inasubiri kurudishwa Lamadi. Namba tatu, ambayo wifi alifundishwa kuitumia usoni, iliunguza juu juu tu. Namba saba ilizama hadi chini kabisa, na pembeni ya nukta nyama ilikuwa imeiva. Nilifurahi kuona kazi inakwenda kwa mpangilio, namba ikipanda na moto unapanda.

Siku ya pili chaji iliisha nikiwa katikati ya kurudia vipimo. Nikachomeka waya ukutani, nikaendelea huku kalamu inachaji. Nilipoangalia nukta za namba tatu, baadhi zilikuwa zimezama kama za namba saba. Si zote. Tatu zinatoka vizuri, ya nne inazama. Nilirudia mara ya pili, ikawa hivyo hivyo. Nilipochomoa waya na kalamu ikiwa imejaa chaji, tatizo likaondoka.

Niliandika kwenye daftari: Namba 3, ikiwa kwenye chaji, inaruka. Sababu haijulikani.

Kujua sababu kulihitaji kuipasua, maana ilikuwa imegandishwa kwa gundi, haina skrubu hata moja. Nilijiambia nitamharibia kifaa kipya. Kulikuwa na jambo la pili pia, ambalo sikuliandika popote. Ngozi ya mbuzi niliyoikaza kwenye ubao ilikuwa imekufa. Isingeweza kunionyesha kidonda kinaponaje. Mimi mwenyewe, nilipotoboa masikio nikiwa msichana, sikio la kushoto lilipona kwa kuota kovu nene lililoinuka kama harage. Madaktari wanaliita keloidi. Nimelificha kwa nywele na vilemba maisha yangu yote. Kwa hiyo sikuhitaji kitabu kunieleza ngozi zetu zinaweza kufanya nini zikiunguzwa.

Wifi alipokuja kuchukua kifaa chake, alikuwa na furaha ya mtu anayeanza jambo. Alikagua zile nukta kwenye ngozi ya mbuzi, akacheka, akaniangalia usoni. Mashavuni nina vinyama vitano au sita.

"Basi tuanze na wewe," alisema. "Uwe mteja wangu wa kwanza."

Nilimjibu kwamba mimi sina muda wa urembo, nani ataniangalia humu karakana. Akacheka tena, nami nikacheka. Huku nafunga boksi nikamwambia asiitumie ikiwa kwenye chaji. Akaitikia sawa. Kisha akaniomba kibandiko, ili wateja wajue kifaa kimepimwa.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumwambia kwamba kibandiko changu ni cha vifaa nilivyovitengeneza, na kwamba sina mamlaka ya kusema kifaa gani kinafaa uso wa mtu. Ningeweza kumsomea ule mstari wa daftari. Lakini nilipojifungua mwanangu kwa upasuaji, ni wifi huyu aliyekuja kukaa kwangu miezi mitatu, akamwogesha mtoto, akanifulia, na hakuna siku aliyonifanya nijione mzigo. Kumkatalia jambo dogo namna ile kulinishinda. Nilibandua kibandiko kimoja kwenye karatasi yake, nikakibandika ubavuni mwa boksi, nikaandika tarehe. Kilisema kinafanya kazi, na kweli kalamu ilikuwa inafanya kazi. Nilijifariji kwa ukweli huo mdogo.

Saluni ilichangamka. Nilikuwa nikipita stendi naona wanawake wamekaa kwenye benchi la nje wakisubiri, wengine wametokea hata Lamadi. Lile boksi alikuwa ameliweka juu ya kabati la kioo, ubavu wenye kibandiko ukitazama mlangoni. Nikawa napita upande wa pili wa barabara. Nilisema ni kwa sababu ya vumbi la malori.

Mvua za masika zilipokwisha, niliitwa zahanati moja upande wa Nkololo kutengeneza mashine ya kuchemshia vyombo. Nkololo ndiko nilikokulia. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine, mikono imejaa masizi, niliposikia sauti mlangoni ikinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Niliijua sauti hiyo kabla sijageuka. Ilikuwa ya mwalimu wangu wa darasa la kwanza na la pili, mama aliyestaafu zamani na sasa analima pamba na mpunga. Niliitikia mwangaluka, nikainuka kumsalimia vizuri. Alikuwa ameshikilia kitenge shavuni kwa mkono mmoja, kama mtu anayeumwa jino. Nilimuuliza kama ni jino.

Akakishusha kitenge.

Shavu la kulia lilikuwa na madoa meusi tii, ya duara, makubwa kuliko vinyama vyovyote ninavyovijua. Shingoni, chini ya sikio, palikuwa na makovu manne yaliyoinuka, yanang'aa, yamevimba kama lile la sikio langu. Moja lilikuwa bado linamwasha, na hilo ndilo lililomleta zahanati.

Alinisimulia bila hasira. Binti yake wa mwisho alikuwa anaagwa, na yeye alitaka apendeze kwenye picha za sendofu, kwa sababu kwenye harusi za watoto wake wakubwa kila mara alijiona mzee kuliko umri wake. Siku aliyokwenda saluni umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, wateja walikuwa wengi, na wifi akachomeka waya ukutani akaanza kazi. Shavu la kushoto lilipona vizuri. La kulia liliuma kuliko alivyotarajia, lakini alivumilia, akidhani ndiyo kawaida yake.

"Yule binti wa saluni alitaka kunieleza mambo ya kifaa chake," alisema. "Nikamwambia asisumbuke. Nilikiona kibandiko chako. Nikasema huyu aliyeandika hapa nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe."

Nilimpa pole. Hilo tu. Nilimwambia pole sana mwalimu, na nikamshauri asilikune lile kovu. Akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja, mayu", yaani asante mama, akaenda kwenye foleni. Nilimaliza kazi yangu, na mkuu wa zahanati alipoulizia kibandiko, nilimjibu kuwa nimevisahau mjini. Vilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Sikumwambia mtu kwa wiki tatu. Kila siku nilipanga kwamba kesho nitakwenda saluni, na kila kesho nilipata hadubini ya kusafisha. Mwishowe nilimwambia mume wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kifaa si changu, mteja si wangu, na onyo nililitoa. Alisema kwa upole, kwa kunipenda. Nililala nikiyarudia maneno yake, na asubuhi yakawa hayana nguvu tena. Maana hakuwepo siku ile karakana. Hakuona nilivyoukwepesha uso wangu usifikiwe na ile ncha.

Nilikwenda saluni Jumamosi mchana, nikakaa kwenye benchi la nje hadi mteja wa mwisho akatoka. Wifi alijua. Mwalimu alikuwa amerudi kwake mara mbili, naye akampa krimu na akakosa raha. Hakuniambia kwa sababu alidhani kosa ni la mkono wake, na aliona aibu kwangu. Kwa hiyo kwa miezi ile tulikuwa wawili, kila mmoja anamkwepa mwenzake.

Nilimwambia habari ya namba tatu. Nilikuwa nimebeba daftari, nikamwonyesha ule mstari. Aliusoma polepole, akaurudia.

"Hukuniambia hivi," alisema.

"Nilikwambia usiitumie ikiwa kwenye chaji."

"Ulisema huku unafunga boksi, wifi. Ulisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli. Simu tunaambiwa hivyo hivyo, tusitumie zikiwa kwenye chaji, na tunatumia." Akafunga daftari. "Na siku ile nilipotaka kuanza na wewe ukakataa, nilijiuliza. Nikasema labda anaona aibu."

"Sikuona aibu," nilimjibu. "Niliogopa."

Hakunigombeza. Aliinuka, akachukua boksi juu ya kabati, akafunga saluni, tukaenda pamoja karakana. Mbele yake nilichukua msumeno mdogo nikaipasua ile kalamu. Ndani, umeme wa chaji ulikuwa unapita moja kwa moja hadi kwenye sehemu inayozalisha cheche, hakuna kitu cha kuuzuia usipande. Mtu yeyote mwenye kazi yangu angeliona. Ilinichukua muda mfupi kuliko kusonga ugali. Wifi alitazama zile nyaya, akanitazama mimi, na nilijua anafikiria nilichokuwa nakifikiria.

Jioni hiyo tulikaa tukapiga simu kwa wateja wake wote aliowakumbuka. Wengi walikuwa wamepona vizuri, wengine walikuwa na madoa yanayofifia, na mmoja alitukata simu. Walioniambia kwamba hawana neno ndio nilioshindwa kuwaamini.

Siku iliyofuata nilipanda pikipiki hadi kwa mwalimu. Nilimkuta chumba cha mbele, amekaa kando ya pamba iliyorundikwa hadi dirishani, anachambua ile chafu. Alifurahi kuniona. Aliniletea chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniuliza habari za mtoto. Nilishindwa kunywa. Nilimwambia yote kwa mfululizo, kuanzia ngozi ya mbuzi hadi kibandiko, na sikuruka lile la kukataa kuchomwa mimi.

Aliendelea kuchambua pamba muda wote nilipokuwa naongea. Nilipomaliza, akaacha.

"Kwamba inaruka, ulijua?"

"Nilijua, mwalimu."

"Ukaandika inafanya kazi."

"Ndiyo."

Nilitegemea atanifukuza au atanisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniambia kwamba kwenye picha za sendofu amejifunika kitenge hadi puani, na wageni wa upande wa pili walidhani ni desturi ya huku kwetu. Alisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akarudi kwenye pamba yake. Nilikaa nikamsaidia kuchambua, kwa sababu sikujua jinsi ya kuondoka. Nilipoaga, nilimwomba aniruhusu nimpeleke Mwanza kwa daktari wa ngozi. Alifikiri, akakubali.

Tulikwenda mara tatu, kwa basi la asubuhi. Daktari alikuwa mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Alimdunga sindano zinazouma sana ndani ya yale makovu ya shingoni, na akampa dawa ya kupaka kwenye madoa. Aliuliza kifaa kilikuwa cha aina gani. Nikamweleza kifundi, kwa undani, na alishangaa mtu wa nje ya hospitali anajuaje. Mwalimu alinitazama kusubiri nitajibu nini. Nikasema mimi ndiye niliyekipima. Daktari akaandika.

Makovu mawili yalilala. Mengine mawili yalipungua tu. Madoa ya shavuni yalififia kidogo, yakagoma hapo, na daktari alitueleza wazi kwamba tusitegemee uso wa zamani.

Kila safari nilijitahidi kupita kiasi. Nilimnunulia maji, nikambebea mkoba, nikamtafutia kiti cha dirishani upande usio na jua. Sindano zilipoingia, mimi ndiye niliyetokwa na machozi, na yeye akanishika mkono akaniambia inatosha, mayu, inatosha. Wakati ule nilidhani huo ni ukaribu.

Safari ya tatu, tulipokuwa tunarudi na basi limesimama Lamadi watu wanunue samaki, aliniambia kwamba safari ijayo atakwenda peke yake. Niliuliza kama nimemkosea. Alitabasamu kidogo kwa swali hilo.

"Nikienda na wewe nashindwa kukasirika," alisema. "Nakaa nakubembeleza. Na mimi nataka nikasirike kidogo, mwanangu, nikiwa peke yangu kwenye basi."

Muuzaji alikuja dirishani na sangara wa kukaanga, mwalimu akamuuliza kama ni wa leo, akachagua wawili.

Wifi amerudi kwenye kusuka na kuosha nywele. Tunaongea vizuri, ingawa kuna mzaha tuliokuwa tukifanyiana zamani ambao hatuufanyi tena. Vile vibandiko nimevibadilisha. Kipya kina mistari minne mitupu, ambayo najaza kwa mkono nilichokipima na nilichoshindwa kukipima, na wahudumu wananilalamikia kwamba siku hizi nachelewesha kazi.

Mwalimu anaendelea kwenda Mwanza peke yake. Mara moja moja hunipigia kunieleza daktari alisema nini. Huongea kwa kifupi, nami sasa nimejifunza kusikiliza bila kusema pole. Mara ya mwisho aliniambia kovu moja limeanza kuinuka tena. Kisha akaniuliza bei ya mbegu za pamba mjini, nikaenda kumwulizia.